Jina kwenye msuka

Safu ya Vitu vya Kale. Anayejibu maswali yenu ni baharia mstaafu wa Langoni, Lamu, mwana wa mchonga milango.

SWALI

Asalam aleikum, ami. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma. Aliporudi alileta upanga wa Kijapani, akaufunga kitambaa na kuutia ndani ya kasha la bibi, na humo umelala tangu kabla sijazaliwa. Ala yake ni ya chuma, rangi ya udongo. Mpini umesukwa kwa uzi wa kahawia na una vijiua vya shaba. Mwezi uliopita mgeni mmoja anayekaa Shela aliletwa nyumbani na rafiki wa kaka yangu. Aliomba kuuona, akagonga kijiti cha mwanzi, mara mpini wote ukatoka. Chini yake kuna chuma chenye kutu, kimechongwa herufi za Kijapani. Akapiga picha. Siku ya pili alirudi akatuambia ni kazi ya fundi mkubwa aitwaye Kotetsu, na kwamba yuko tayari kuununua papo hapo. Mjomba anasema amesikia majina mengi kwenye panga hizo ni ya kughushi. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, ataka kuipiga msasa ile kutu ili herufi zisomeke vizuri. Tutajuaje ukweli?

Mjukuu wa askari, Mkomani, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma, nenda kamnyang'anye kaka yako huo msasa. Asiisugue kutu, asiipake mafuta ya taa, asiitie siki wala ndimu. Nasema kwa ukali kwa sababu nimeona panga mbili na jambia moja zikiharibiwa namna hiyo hapa hapa mjini, na waliozisugua walidhani wanazipendezesha.

Chuma kile kinachoingia ndani ya mpini ni msuka, kama msuka wa jembe au wa kisu. Mhunzi wa Kijapani akimaliza kuchonga jina lake hapo huuacha msuka ushike kutu wenyewe. Mwili wa upanga husuguliwa mpaka ung'ae, lakini msuka haupigwi tupa tena wala haupakwi kitu. Kutu yake huota pole pole, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa nyeusi yenye ukahawia, imetulia, haiachi unga kidoleni. Mtaalamu akiletewa upanga huisoma kutu hiyo kabla ya kusoma herufi. Ukiiondoa, umeufuta umri wa upanga, na hapana fundi awezaye kuurudisha.

Hapa kwetu kuna shida ya ziada, nayo ni chumvi. Kasha likikaa upande wa dirisha la baharini, msimu mmoja wa kusi watosha kuotesha kutu nyekundu mbichi juu ya ile nyeusi ya kale. Kwa hiyo ukiona unga mwekundu juu ya msuka wa babu yako, usikimbilie kusema umeghushiwa jana. Chukua lenzi, subiri jua la asubuhi linapoingia kwa mshazari, utazame chini ya ule unga. Tazama pia ndani ya kitundu cha kijiti, mahali ambapo mikono haifiki. Wanaozeesha chuma kwa dawa hupata rangi ya machungwa iliyo sawa kila mahali, ndani ya kitundu na nje yake, na miaka haizeeshi chuma kwa usawa huo.

Sasa jina lenyewe. Marehemu baba yangu alichonga milango, nami nilikua nikishika taa wakati yeye ameshika patasi, kwa hiyo niwie radhi nikilieleza jambo hili kama mtoto wa karakana. Siku moja nyumba moja ilileta mfaa wa mlango uliooza nusu, wakataka nusu iliyopotea ichongwe upya ifanane na ile iliyobaki. Baba aliichonga, na wenye nyumba hawakuweza kuona pale vipande viwili vilipokutana. Usiku aliniita akanionyesha. Kwenye nusu ya kale patasi iliingia kwa nguvu mwanzo wa jani na kutoka kwa wepesi mwishoni. Kwenye nusu yake yeye kina kilikuwa kimoja mwanzo hadi mwisho. Akaniambia aliyechonga kwanza alikuwa akienda mbele, na yeye alikuwa akigeuka kutazama nyuma kila pigo. Sikujua wakati ule kwamba maneno hayo yatanifaa mjini Kobe, Japani.

Jina la upanga hupigwa kwa tindo ndogo na nyundo, na chuma hakitoki vipande kama mti. Husukumwa kando, kikainuka ukingoni mwa mstari. Ukitazama kwa lenzi utaona kila mstari wa herufi ni safu ya mapigo madogo ya pembe tatu yaliyoshikana. Mhunzi aliyeandika jina lake mara mamia ana mwendo wake: ataanzia hapa, ataegemeza tindo hivi, ataharakisha pale. Anayemwiga huchora umbo la herufi, na umbo laweza kufanana kabisa. Mapigo ndiyo yanayomsaliti. Yatakuwa mafupi na yenye woga, au mazito mahali ambapo mwenyewe alipiga kwa wepesi. Tazama pia kama kutu ya ndani ya mistari ni ile ile ya nje. Jina lililoongezwa juu ya msuka mzee huipasua kutu ya kale, ukaona kingo zilizovunjika na sakafu ya mstari yenye rangi tofauti.

Lakini usiishie hapo, maana wengi hukosea papo hapo. Panga nyingi zenye jina la uongo ziliandikwa jina hilo zamani sana, wakati wa watawala wa Tokugawa, miaka mia mbili au mia tatu iliyopita. Uongo wenyewe umeshazeeka, umeshika kutu nzuri nyeusi ndani na nje. Upanga ulikuwa zawadi baina ya wakubwa, ulikuwa heshima ya nyumba, na jina kubwa lilipandisha bei kama linavyopandisha leo. Wapo waliochukua upanga mzuri usio na jina, wakautia jina la fundi mkubwa. Wapo waliofuta jina la fundi wa kijijini na kuandika la fundi wa mjini. Wajapani huiita saini ya namna hiyo gimei. Upanga usio na jina huuita mumei, na huo hauna aibu yoyote.

Ndipo nifike Kotetsu. Kwa jina hilo Wajapani wenyewe wana msemo: ukiona Kotetsu, dhania ni bandia. Mtu huyu alifanya kazi Edo, mji uitwao Tokyo leo, katika karne ya 17. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza mavazi ya chuma ya vitani, akahamia panga akiwa mtu mzima, na sifa yake ikapaa haraka. Waghushi hawakungoja. Kondo Isami, mkuu wa kikosi cha Shinsengumi cha Kyoto miaka ya 1860, alijulikana kwa kubeba Kotetsu, na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ya kweli. Ikiwa mtu wa upanga kama yule aliweza kudanganywa akiwa kwao, mgeni wa Shela aliyesoma jina kwa simu kwa usiku mmoja hana haki ya kusema kwa uhakika. Sisemi ni mwizi. Huenda ameamini kwa moyo mweupe. Nasema amesoma jina, bado hajausoma upanga.

Upanga wa Kotetsu una mambo ambayo hayahitaji kujua herufi hata moja. Panga za zama zake hazikupinda sana. Ziweke kando ya kitara cha Kiarabu na utaziona karibu zimenyooka. Kwa hiyo upanga uliopinda sana kiunoni, karibu na mpini, ukiwa na jina la Kotetsu, umejishitaki wenyewe. Kisha utazame makali. Kwenye upanga wa Kijapani uliotiwa maji kwa njia ya asili utaona ukingo mweupe kama ukungu unaopita kando ya makali kutoka chini hadi ncha, kwa sababu mhunzi huupaka mwili udongo mzito na makali udongo mwembamba kabla ya kuuzamisha majini. Hamon ndilo jina la ukingo huo. Katika kazi zake za baadaye Kotetsu alikuwa na ukingo wa viduara vinavyofuatana ambao Wajapani huufananisha na shanga za tasbihi yao. Na jina lake hakuliandika namna moja maisha yake yote. Mwanzoni alitumia herufi zenye maana ya chuma cha kale, baadaye herufi ya simbamarara, na hiyo ya simbamarara nayo aliiandika kwa mitindo miwili: wa kwanza mkia wake umeruka, wa pili, wa tangu katikati ya miaka ya 1660, umefungwa kama sanduku. Mghushi asiyejua historia hiyo huweka mtindo wa wakati mmoja kwenye upanga wa wakati mwingine.

Umeniuliza tutajuaje, nami nitakusimulia nilivyojua mimi, kwa gharama yangu. Mwaka 1982 meli yetu ya mizigo ilikaa Singapore siku tisa. Kwenye duka moja la vitu vikuukuu nikaonyeshwa upanga mfupi, wakizashi, wenye herufi mbili msukani: Muramasa. Hilo jina nililijua kutokana na hadithi za mabaharia. Muramasa alikuwa mhunzi wa jimbo la Ise, na nyumba ya Tokugawa iliaminika kuziogopa panga zake kwa mikosi. Kwa sababu hiyo, wako waliofuta au kugeuza jina la Muramasa la kweli ili wasishukiwe, na baadaye, utawala wa Tokugawa ulipokaribia kuanguka, wako waliolitafuta jina hilo kwa hamu, waghushi wakaliandika kwa wingi. Sikuyajua hayo. Nilimhesabia mwenye duka mshahara wa miezi miwili, na usiku nikalala upanga ukiwa chini ya mto.

Safari iliyofuata ilitupeleka Kobe. Upanga nilikuwa nimeuacha Lamu kwa mama, kwani Japani ina sheria kali ya panga na sikutaka matata forodhani. Nilichobeba ni karatasi. Nilikuwa nimeweka karatasi nyembamba juu ya msuka, nikaisugua kwa penseli laini mpaka umbo lote na herufi zote zikatokea. Wajapani wana sanaa yao ya jambo hilo, wakitumia kipande cha wino mkavu, na karatasi huiita oshigata. Wakala wa meli alinipeleka kwa mzee mmoja msuguaji wa panga. Chumba chake kilikuwa na maji kwenye beseni, mawe ya kunolea ya kila rangi, na kimya.

Aliitandaza karatasi yangu sakafuni, akaiziba sehemu yenye jina kwa kiganja. Nilidhani hajaelewa. Akachora kwa kidole ukingo wa chini wa msuka, akarudia mara ya pili, kisha akafungua kitabu cha oshigata akanionyesha Muramasa wa kweli. Msuka wa kweli ulivimba chini kama tumbo la samaki, kisha ukanywea ghafla kuelekea mwisho. Wa kwangu ulikuwa umenyooka kama rula. Akaniuliza, kwa Kiingereza kidogo na mikono mingi, kama ukingo mweupe wa upande mmoja wa upanga unalingana na wa upande wa pili, wimbi kwa wimbi, maana hivyo ndivyo ilivyo kawaida ya Muramasa. Nilikumbuka vizuri. Haukulingana. Hapo ndipo alipoondoa kiganja na kulitazama jina, kwa muda mfupi tu, kama mtu anayetazama muhuri wa barua aliyokwisha kuisoma.

Nilihuzunika, sikufichi. Lakini alinifundisha utaratibu ambao sijauacha mpaka leo: umbo kwanza, kisha chuma na ukingo wa makali, kisha msuka na kutu na alama za tupa, na jina likae mwisho. Katika mashindano yao ya kutambua panga, msuka hufunikwa kabisa. Mtu hutakiwa kumtaja mhunzi kwa kuutazama mwili peke yake. Jina linakuja kuthibitisha au kukanusha yale ambayo chuma kimekwisha kusema.

Sasa turudi kwenye kasha la bibi yako. Maelezo yako ya ala ya chuma na vijiua ni ya upanga wa afisa wa jeshi la Kijapani, wa mtindo ulioanza 1934, na vijiua hivyo ni maua ya cheri. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 mpaka mto Chindwin, na vijana wa pwani walikuwamo katika King's African Rifles, kwa hiyo habari ya babu inaingia akilini. Ila mavazi ya jeshi hayakuambii kilichomo ndani. Afisa aliruhusiwa kuvalisha upanga wa nyumba yao ala ya jeshi, hivyo ndani mwaweza kuwamo chuma cha miaka mia nne. Wengine walinunua panga zilizotengenezwa kwa wingi wakati wa vita, nyingi zikitoka mji wa Seki. Tazama msuka kwa makini, juu ya jina au karibu na mahali chuma kinapoanza kung'aa. Ukikuta kimuhuri kidogo kilichopigwa, mara nyingi cha herufi ndani ya duara au ua, fikiria upanga wa vita uliotengenezwa bila kufuata njia yote ya kale. Kimuhuri cha nyota ni habari tofauti, hicho kilipigwa kwenye panga za wahunzi waliofanya kazi ya asili kwa ajili ya jeshi. Na panga nyingi za Seki zina saini ya kweli kabisa ya mhunzi wa kweli aliyeishi. Saini ya kweli kwenye upanga wa kawaida, saini ya uongo kwenye upanga bora: yote mawili yapo, ndiyo maana siwezi kukuthaminia kwa jina.

Fanya hivi wiki hii. Nawa mikono, ikauke. Shika upanga makali yakitazama mbali nawe, usiuguse mwili wake kwa vidole, kwa sababu jasho letu ni chumvi nyingine. Pima kutoka ncha hadi kile kibonyeo cha mgongoni karibu na msuka, kwa mstari ulionyooka. Ukizidi sentimita 60 na nusu hivi, ni katana, upanga mrefu. Kati ya hapo na 30, ni wakizashi. Hesabu vitundu vya msuka. Viwili au zaidi mara nyingi ni dalili kwamba upanga ulifupishwa, na hufupishwa kwa kukatwa kutoka chini, upande wa jina. Upanga uliofupishwa sana na bado una jina lote, limekaa katikati kwa raha, hunitia shaka. Ingawa wapo mafundi waliolikunja jina upande wa pili wa msuka au kulikata na kulipachika upya ili lisipotee, na waghushi nao wakaiga hata hilo.

Simamisha upanga ncha juu, makali kushoto kwako. Jina likiwa upande unaokutazama, limewekwa kwa desturi ya katana, unaochomekwa mshipini makali juu. Likiwa upande wa nyuma, ni desturi ya tachi, upanga wa zamani zaidi unaoning'inizwa makali chini. Usifanye sheria ya chuma hapo pia, maana wahunzi wa jimbo la Hizen, wa ukoo wa Tadayoshi, walitia saini katana zao upande wa tachi. Kisha sugua oshigata ya pande zote mbili, pole pole, penseli iguse karatasi peke yake.

Mwili wa upanga upake mafuta mepesi, kidogo sana, kwa kitambaa laini. Wajapani hutumia mafuta waitayo choji, na choji ni karafuu! Ni mafuta mepesi yaliyotiwa harufu ya karafuu, basi usiende sokoni kununua mafuta makali ya karafuu ukaumwagia. Mafuta ya cherehani yatosha. Msuka uache mkavu.

Anayeweza kutoa neno zito ni jopo la wakaguzi. Kubwa kati ya hayo ni la jumuiya ya kuhifadhi panga za Kijapani iitwayo NBTHK, iliyoanzishwa 1948, yenye jumba la makumbusho ya panga Ryogoku, Tokyo. Upanga ukipita hupewa cheti, kuanzia daraja la Hozon na kupanda. Ukiwa na jina wanaloliona la uongo, hurudi bila cheti. Kuufikisha huko lazima mtu anayejua taratibu za kuingiza panga Japani, kwa hiyo anzeni na oshigata na picha. Mgeni wenu, mwambieni kwa adabu kwamba upanga hauuzwi mpaka usomwe. Akiwa mtu mwema, atangoja. Na mtu asinunue wala asiuze kwa picha ya herufi.

SWALI

Mzee, shikamoo. Nimeagiza katana kwa simu, imefika na cheti. Msuka una kutu rangi ya machungwa na umeandikwa Masamune. Mwili una mawimbi meusi na meupe yanayong'aa kama maji. Rafiki zangu wanasema nimepata bahati.

Kijana wa Barani, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza kwa wasomaji wa Malindi ambao wana kaka au jirani aitwaye Katana: hapa tunazungumzia upanga mrefu wa Kijapani, jina la Kimijikenda halihusiki.

Masamune alifanya kazi jimbo la Sagami miaka ya mwanzo ya karne ya 14, na panga zake zenye saini ni chache mno. Nyingi zinazokubaliwa kuwa zake hazina jina, zilitambuliwa kwa chuma chao. Familia ya Hon'ami, waliokuwa wakaguzi wa panga kwa vizazi vingi, hata waliandikisha utambuzi wao kwa dhahabu juu ya misuka isiyo na jina. Kwa hiyo saini ya Masamune iliyo wazi na iliyokamilika ni sababu ya kutia shaka. Yale mawimbi makali meusi na meupe hutokana na kuunguza chuma kwa asidi. Nyuzi za chuma cha Kijapani ni za siri, unazitafuta kwa kuugeuza upanga kwenye mwanga mpaka zikajitokeza kama nyuzi za mti uliopigwa randa vizuri. Na kutu ya machungwa nimekwisha kuieleza juu.

Kuhusu cheti: cheti halali hubeba picha ya msuka wenyewe. Linganisha kitundu, mikwaruzo ya tupa na kila pigo la herufi na msuka ulio mkononi mwako. Kisipobeba picha, hicho ni karatasi. Nasikitika kwa pesa zako. Mwambie muuzaji akurudishie, na umwandikie leo, kabla muda wa kurudisha haujapita.

SWALI

Nimerithi upanga ambao mtaalamu amesema jina lake ni la uongo lakini chuma ni kizuri sana. Ananishauri lifutwe. Ni sawa?

Msomaji, Faza

JIBU

Wakusanyaji wengi hufanya hivyo, ili upanga ukaguliwe kama usio na jina na upate cheti chake. Nawaelewa, lakini mimi sifanyi haraka. Kuna wanafunzi waliotengeneza upanga na kuutia jina la mwalimu kwa idhini yake, macho yakiwa yamemchoka au kazi zikiwa nyingi. Saini hiyo haifanani na mkono wa mwalimu, na si ya kughushi. Kuna pia wahunzi waliorithishana jina moja vizazi vinne au vitano, na wale wa jimbo la Bizen walioitwa Sukesada walikuwa wengi kwa wakati mmoja. Mkaguzi wa leo aweza kumlinganisha mjukuu na babu akaona kosa ambalo halipo.

Kwa hiyo pata macho ya pili, ya mtu asiyemjua wa kwanza. Omba kila mmoja akuandikie sababu zake: umbo, chuma, msuka, kisha jina. Wakikubaliana wote wawili, kazi hiyo apewe fundi wa Kijapani aliyeisomea, ambaye ataondoa herufi bila kuigusa kutu inayozizunguka. Kabla ya hapo sugua oshigata mbili, moja ikae na upanga, moja itie ndani ya Mas'hafu au popote nyumba yenu inapoweka karatasi zake.

Wa kwangu wa Singapore bado ninao, na herufi zake mbili za uongo. Kila Jumamosi baada ya alasiri huwa barazani kwangu Langoni, anayetaka kuona tofauti kwa macho yake aje nao wake, umefungwa kitambaa, msuka haujaguswa.